Funga Koki Kabla ya Kufika

Kabla hajakuuliza hata umeamkaje, Fundi alikuwa ameshaweka kiganja chake kwenye pikipiki yako. Alianzia chini, kwenye mapezi ya silinda, zile bati nyembamba zinazoizunguka injini ili upepo upite katikati na kuondoka na joto. Akapanda polepole mpaka kichwani, akavuka, akafika kwenye kabureta, petroli inapochanganyika na hewa, na hapo ndipo mkono ulipokaa. Macho ameyafumba. Ungedhani ni mkunga anayesikiliza tumbo. Akiyafumbua, alikuwa tayari anajua umetoka wapi, umebeba nini, na ni wapi unataka kumdanganya.

"Wewe ulipanda na magunia mawili," alimwambia kijana mmoja aliyekuwa ameapa kwamba pikipiki yake ilizimika tu hivi hivi, bila sababu. Kijana akajikuna kichwa, akakubali kwamba yalikuwa matatu.

Nilimjua miaka saba na sikuwahi kumwita kwa jina. Nchiru nzima ilimwita Fundi, na kama kulikuwa na mafundi wengine, na walikuwepo, hao ndio waliohitaji majina. Kibanda chake cha mabati kilikuwa kati ya hosteli ya wanafunzi na duka la kutoa fotokopi. Asubuhi wanafunzi wakipita na makaratasi yao, yeye alikuwa ameshainama na brashi, anasugua.

Mimi nilikuwa nasambaza mayai na mikate kwa vibanda. Shule niliachia kidato cha pili, mwaka ambao baba alifariki, na alichoniachia ni pikipiki moja, ambayo yeye mwenyewe alinunua kwa afisa wa kilimo aliyestaafu. Ilinizidi umri. Watu walinicheka, msichana mzima na chuma cha babu, lakini mimi ni mtu wa kuota ndoto. Mama husema nikitumwa maji narudi na hadithi. Niliipenda ile pikipiki kwa sababu ilikuwa imeenda mahali pengi kabla yangu, nikaona si haki mimi niwe wa kuiambia ikae.

Shida yake ilikuwa joto. Pikipiki za siku hizi unaziendesha tu, lakini hizi za zamani zinazopozwa na upepo zina tabia kama za wazee: lazima ujue zimelala vipi. Fundi ndiye aliyenifundisha, na hakuwahi kunikalisha chini akasema sasa nakufundisha. Alikuwa akiongea na injini, nami nikawa nasikia.

Alisema injini yenye njaa ina homa. Maana yake, ikipata petroli kidogo kuliko hewa, inawaka kwa ukali na kujichoma yenyewe. Kwa hivyo kabla hajagusa kitu kingine alitafuta penye kuvuja hewa, akipitisha moshi wa sigara aone unavutwa ndani wapi, sigara ambayo hakuivuta kamwe, aliiwasha tu kwa kazi hiyo halafu akaizima na kuihifadhi kwenye mfuko wa shati. Sigara moja ilimkaa wiki mbili.

Alisema matope ni blanketi. Ukitoka shambani na udongo mwekundu umejaa kwenye mapezi, umeivika injini sweta halafu unashangaa inatoka jasho. Alisugua kwa brashi na mafuta ya taa mpaka bati zikaonekana moja moja. Lakini maji juu ya injini moto, hapana. Siku moja nilimwona akimnyang'anya mtu mtungi mkononi. Hakupiga kelele, aliuchukua tu, akanywa maji yenyewe, akamrudishia mtungi mtupu.

Kati ya silinda na kabureta aliweka kipande cha bati alichokata kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, kikinge joto. Kazi ya mkasi na nyundo tu. Siri yake ilikuwa nafasi. "Bati lisiguse," alisema. "Likigusa linakuwa jiko."

Halafu kulikuwa na kile kipande cheusi kinachokaa pale kabureta inapofungwa kwenye injini, kinachozuia joto lisivuke. Kikivunjika, madukani hakipatikani tena kwa pikipiki kama yangu. Mwanafunzi mmoja wa chuo, kijana mwerevu mwenye pikipiki ya marehemu mjomba wake, alienda akachongewa cha alumini, kizuri, kinang'aa kama pete. Akamletea Fundi akione. Fundi alikigeuza geuza, akasema ni kazi safi sana, akamwomba akifunge mwenyewe aende nacho hadi sokoni kisha arudi. Kijana alirudi baada ya saa mbili akisukuma. Fundi alimpa kiti na kikombe cha chai, na kikombe chenyewe kilikuwa cha alumini, kimejaa chai iliyotoka kuchemka. Kijana alikishika, akakiachilia, akabaki anaangalia vidole vyake. Akaelewa. Tulicheka mpaka yeye mwenyewe akacheka.

Fundi alichonga vya kwake kwa mti. Si mti wowote. Alikuwa na kipande cha mzinga wa nyuki wa zamani, gogo lililokaa juani miaka mingi mpaka likaacha kabisa kupinda na kupasuka, na harufu ya nta ilikuwa bado imo ndani. Alikikata vipande vyembamba, akavilaza kwenye oili siku tatu, akavifunga na gasketi pande zote mbili. Gogo hilo aliletewa na mzee mmoja muuza asali aliyekuja Nchiru kila mwezi kutoka Kiambere. Lilikaa limefungwa kwa kitambaa, juu, mbali na vyuma.

Mzee wa asali akifika, Fundi alimuuliza swali moja. "Kule mvua imenyesha?" Basi. Akijibiwa ndiyo, alitikisa kichwa. Akijibiwa hapana, alitikisa vile vile. Mtu yeyote aliyetoka upande wa Kiambere aliulizwa hivyo, hata dereva wa lori la mchanga, hata mimi, ambaye kila mwezi nilishuka huko kwa shangazi kuchukua ndengu, yaani choroko, za kuuza. Nilidhani ana shamba.

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake. Aliyepoza injini za watu alikunywa chai inayobubujika, haraka, kama anayekimbiza kitu. Aliyetengeneza pikipiki za tarafa nzima hakupanda pikipiki. Alitembea. Akitaka kujua kama imepona, alikutuma wewe uendeshe, akasimama barabarani akisikiliza mlio hadi upotelee kwenye kona, na unaporudi akaweka kiganja. Vijana walimtania kwamba anaogopa. Aliwajibu kwamba daktari hali dawa za wagonjwa.

Na alichukia kuchelewa. Akikuambia Jumanne saa mbili, saa moja ilikuwa tayari. Nawe ukiambiwa saa mbili ukafika saa tatu, ulimkuta amesimama katikati ya njia, uso umemshuka, si hasira, kama mtu aliyekuwa anatarajia habari mbaya. Mimi nilichelewa mara nyingi. Nikikumbuka sasa naumwa.

Lakini fundisho lake kubwa lilikuwa la koki. Watu wanafikiri pikipiki inachemka ikikimbia. Yeye alisema inachemka ikishasimama. Ukienda, upepo unalibeba joto. Ukizima, upepo umekufa lakini joto bado liko, halina pa kwenda ila kupanda kwa kabureta, na petroli iliyo kwenye bakuli lake inachemka kama uji na kufurika. Ukirudi baada ya dakika kumi, unapiga teke mpaka goti linakulaani. Kwa hivyo usifike na bakuli limejaa. Funga koki ya petroli mapema, umalizie mwendo na yaliyo ndani, uelekeze uso wa pikipiki kwenye upepo, ndipo usimame.

"Funga koki kwa kanisa," aliniambia, kwa sababu kutoka kanisani hadi kwetu ni kama mita mia nne. Mpaka leo nikifika pale kanisani mkono unashuka wenyewe.

Sasa nieleze ile siku ya mwezi wa saba.

Mwezi wa saba huku kwetu ukungu unashuka kutoka mlimani na vidole vinakataa kufunga vifungo. Waendesha pikipiki wote hufunga katoni mbele ya injini, kwa waya, ili ipate joto upesi na miguu nayo ipate kidogo. Nami nilifunga. Halafu nikashuka kwenda Kiambere kuchukua ndengu, ile katoni bado iko mbele. Huku juu unatetemeka, na kule chini ardhi inatoa joto kama sufuria, na kati ya huku na kule ni safari ya siku moja tu, mtu anasahau. Baada ya Kiritiri ilizimika. Nikangoja, ikawaka, ikazimika. Mara tatu. Nilifika kwa shangazi usiku nikiwa nasukuma.

Niliporudi Nchiru katoni ilikuwa bado imefungwa. Fundi aliweka kiganja, akakiondoa, akaiona.

"Nani alifunga hii?"

"Ni mimi, Fundi. Si unajua baridi ya huku."

"Na kule chini kulikuwa na baridi?"

Alichukua koleo akaukata waya, akaukata tena ingawa ulikuwa umeshaachia. Nilijua nimekosa, lakini sikujua nimekosa kitu gani kikubwa hivyo. Aliketi juu ya tairi, akaikunja ile katoni mara moja, mara ya pili, na akaanza kunisimulia bila kuniangalia.

Alikuwa kijana, anafanya kazi Kanja, na kulikuwa na msichana wa Kiambere. Mambo yalikuwa yamefika mahali pa kupeleka pombe ya asali kumposa. Wazee wa upande wake walitangulia kwa gari na vibuyu. Yeye alikuwa afuate na pikipiki aliyoiunda mwenyewe kwa vyuma vya kuokota, kwa sababu alitaka baba ya msichana amwone akiingia nayo. Ulikuwa mwezi wa saba. Asubuhi, kwa baridi ya Kanja, alikuwa amefunga katoni. Kwa furaha aliyokuwa nayo, akaisahau. Pikipiki ilikufa kwenye kilima kimoja baada ya Kiritiri, ikafa tena, naye kwa haraka akaimwagia maji na kichwa cha injini kikapasuka. Kule bomani walimngoja. Hakuna anayefungua kibuyu mwenye kuomba hayupo. Jua lilitua wazee wakiangaliana, wakanyanyuka na vibuyu vyao vikiwa vimefungwa vile vile, na baba ya msichana akahesabu kwamba ametukanwa mbele ya majirani.

"Nilifika," Fundi akaniambia. "Usiseme sikufika. Nilifika, lakini kesho yake."

Alikutana na mlango uliofungwa. Hakurudi tena. Msichana aliozwa kwingine, na yeye akaanza kusoma joto.

Halafu nikamwuliza huyo mama yuko wapi sasa. Alisema mumewe alifariki, kwamba alirudi kwao, kwamba ndiye anayeangalia mizinga ya babake. Mzee wa asali alikuwa amemwambia. Kumbe mvua aliyokuwa akiiulizia ilikuwa inanyeshea boma moja.

"Twende, Fundi," nikasema. "Mimi nitakupeleka."

"Na hii nduthi ya babako? Itatulaza Kiritiri."

"Si wewe ndiye fundi wake?"

Alicheka kidogo. Lakini tangu siku hiyo aliishika pikipiki yangu kama hajawahi kushika nyingine. Alichonga kipande kipya kutoka kwenye gogo, akakitupa, akachonga kingine. Alihamisha mpira wa petroli upite mbali na silinda. Kinga ya bati aliikata mara nne. Nilipokuwa nashuka Kiambere aliniambia nihesabu imezimika mara ngapi, na niliporudi aliuliza hilo kwanza, kabla ya mvua. Mara mbili. Mara moja. Mwezi uliofuata, mara moja. Kisha siku moja nikamwambia haikuzimika. Aliweka kiganja, akafumba macho muda mrefu. Nilidhani atasema, basi twende. Akasema, "Rudia mwezi ujao."

Mwezi ujao haukutukuta pamoja. Siku moja alikuwa akipima injini, nami nikasikia harufu ya ngozi inayoungua kabla yeye hajasikia lolote. Kiganja kilikuwa juu ya ekzosi, bomba la moshi. Nilimvuta mkono. Alikiangalia kama kiganja cha mtu mwingine. Hospitalini wakasema ni sukari, kwamba imeua mishipa ya mikono, kwamba hisia zikienda hivyo hazirudi. Wiki mbili baadaye alifunga kibanda akaenda Kanja kwa ndugu yake. Sikuagana naye. Nilikuwa nimepeleka mayai. Aliniachia kwenye duka la fotokopi mkebe mdogo, na ndani kipande kimoja cha mti chenye harufu ya nta, tayari kimetobolewa mashimo.

Pale kibanda kilipokuwa wanajenga hosteli nyingine. Kwa miezi mingi niliona watu wakisimamisha pikipiki zao pale, uso kwenye upepo, halafu wanabaki wamekaa juu yake, kama wanangoja mkono.

Nilimkumbuka kwa namna ya kijinga. Nilikuwa naweka kiganja changu kwenye kabureta na kusema kwa sauti, "Iko sawa," halafu hakuna aliyeniambia nimekosea.

Mwaka huu, mwezi wa saba ulipoingia, nilienda Kanja.

Nilimkuta uani, amevaa koti refu, anachambua maharagwe kwenye ungo. Kwa kuwa vidole havikuwa vikimsikiliza, alichambua kwa macho, akizisukuma mbegu mbaya kwa kijiti. Alisikia mlio kabla hajainua kichwa, nikamwona akitabasamu huku ameinamia ungo. Akaja, akanyoosha kiganja kwa mazoea, kikafika karibu na injini, akakirudisha mfukoni.

"Katoni iko wapi? Na baridi hii?"

"Nimeiacha nyumbani. Naenda chini."

"Peke yako, mwari?"

"Ndiyo sababu nimepitia hapa."

Aliingia ndani. Alikaa huko hata nikadhani amekataa na anatafuta maneno ya kuniambia. Ndugu yake aliniletea uji, nikanywa nikiangalia mlango. Alitoka amenyoa ndevu, mkononi ana kilo ya sukari na pakiti ya majani ya chai, vitu vya mtu anayekwenda kutembelea.

Aliketi nyuma yangu kama gunia lililojazwa vibaya. Miaka yote hiyo hakuwahi kukaa kwenye pikipiki, na alinishika mabega hadi yakafa ganzi. Tulishuka Runyenjes, tukashuka Siakago, koti akalifungua kifungo kimoja, halafu vyote. Kila mara tuliposimama aliniambia niugeuze uso wa pikipiki kwenye upepo, niweke mkono, niseme. Niliposema moto, tulikaa. Niliposema imepoa, tulienda. Hakunisahihisha hata mara moja.

Baada ya Kiritiri nikamwona kwenye kioo anageuza uso. Akanisogelea sikioni. "Hapa usisimame."

Ni kilima kidogo tu, miti ya miiba na mbuzi. Tukiwa katikati yake pikipiki ikakohoa. Nguvu zikaisha chini yangu, nami, kama mtu yeyote, nikazungusha mpini niipe moto zaidi, ikakohoa vibaya zaidi. Mikono yake ikaachia mabega yangu.

"Usiilazimishe," akasema, taratibu kabisa, kama tuko Nchiru mbele ya kibanda. "Ina njaa. Ipe choki kidogo. Kidogo. Sasa ngoja."

Nikavuta choki, ule wenzo wa kuizidishia petroli, nikangoja. Ilivuta pumzi moja, mbili, ikashika. Tulifika juu. Mbele yetu yakaonekana maji ya bwawa la Kiambere, meupe kwa jua, na sikuthubutu kugeuka nyuma kwa sababu mgongoni kwangu kulikuwa na mtu anayelia.

Aliijua njia. Aliniambia kulia, tena kulia, karibu na mti uliokatika. Halafu akanigusa bega.

"Funga koki."

Nikafunga. Tulikwenda na yaliyo kwenye bakuli, mlio ukipungua, mchanga ukisikika chini ya tairi, na mbele ya lango la miiba injini ikajizimia yenyewe, bila kelele, kama mtu aliyemaliza kusema. Juu ya miti ya boma ile mizinga ilikuwa imening'inia, ya magogo, ya rangi ile ile ya kile kipande nilichokuwa nimekifunga kati ya kabureta na injini.

Alishuka. Akanyoosha koti. "Weka mkono. Iko aje?"

Niliweka, nikafumba macho, nikajipa muda. "Vuguvugu, Fundi. Haichemki."

"Basi usiningoje," akasema. Akachukua sukari na majani, akatembea kwa ule mwendo wake wa kutembea, hadi langoni, akabisha hodi.

Sauti ya mama mzee ikauliza ndani ni nani. Naye akalitaja jina lake, lote, la kwanza hadi la baba yake. Ndiyo mara ya kwanza nilipolisikia. Silitaji hapa kwa sababu hakuwa ananiambia mimi.

Nyuki tu, na injini yangu ikipoa, ti, ti, ti. Kisha nikasikia kiti kikiburutwa kivulini, na ile sauti ikasema, bila ukali, "Umechelewa."

"Ilichemka," akasema Fundi.